Nilimwandikia mteja kwamba ushirikiano wetu ni ugonjwa

Nilikuwa na miezi michache tu kazini, na kazi yenyewe ilikuwa kujibu imeli za wateja wa nje kwa Kiingereza, na mi nilikuwa najiona niko vizuri kabisa maana tangu shule Kiingereza ndo somo lililokuwa linanifanya nitembee kifua mbele. Kuna mteja mmoja Mwingereza, mzee wa heshima zake, tulikuwa tumemaliza naye mwaka mzima bila ugomvi, nikaambiwa nimwandikie ujumbe wa shukrani. Nikakaa nikatafuta maneno mazito mazito. Nikamshukuru kwa kutuamini “from the onset of our relationship”. Nikaisoma mara tatu, nikaona imekaa kama imeandikwa na mwanasheria, nikatuma.

Jibu likaja baada ya nusu saa. Kashukuru vizuri tu, alafu mwishoni kaongeza kasentensi kamoja kwamba anatumaini dalili si kali na kwamba sote tutapona. Nikabaki natazama skrini. Dalili za nini tena? Nikadhani kachanganya, alikuwa anamjibu mtu mwingine. Nikamwonyesha dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye meza moja, akaisoma yangu, akaisoma ya mzee, akainamisha kichwa mezani anacheka mpaka mabega yanatikisika. Akaniambia, “Kaka, we umemwambia ushirikiano wetu umemwanza kama homa inavyomwanza mtu.”

Hapo ndo nikafungua kamusi, na siyo ile ya kuangalia maana moja na kufunga, nikasoma mifano yote. Onset ya baridi kali. Onset ya vita. Onset ya upofu, ya uzee, ya uchungu wa kujifungua, ya ugonjwa huu na ule. Ukurasa mzima hakuna kitu hata kimoja ambacho mtu angekitamani. Na zamani neno hili lilikuwa na maana ya shambulio, yaani watu kukuvamia, kwa hiyo mpaka leo kinachokuja na onset ni kitu kinachokuvamia bila kukuomba ruhusa. Neno nililokuwa nalitaka ni ndugu yake, outset, ambalo halina ugonjwa wala vita, ni mwanzo tu wa shughuli au safari. Herufi mbili tatu tofauti na mimi nikawa kichekesho. Kujitetea kidogo, wapo wazawa wa lugha yenyewe wanaochanganya hayo mawili, nimewaona kwa macho yangu, ila wao hawachekwi kama tunavyochekwa sisi.

Alichonishauri yule dada hata hivyo hakikuwa outset. Alisema, “Kwanini hukuandika tu since we first started working together?” Nikamwambia mbona hiyo ni ya kitoto. Akanitazama kwa huruma.

Nikianza kutafuta ugonjwa wenyewe ulitokea wapi, narudi kwenye ile orodha ya visawe tuliyokaririshwa shule. Start, begin, commence, zote pembeni mwake kumeandikwa neno moja, anza. Ukishakariri hivyo unaamini una maneno matatu ya kitu kimoja, unachagua lile linalokufanya uonekane msomi. Ile orodha ilinidanganya miaka. Maana hayo maneno hayakai sehemu moja wala hayatembei na watu wamoja.

Chukua begin na start. Siku moja nilimwandikia fundi kwa Kiingereza kwamba gari linakataa “to begin”. Alielewa, ila aliniuliza kama gari ni hadithi. Gari, injini, mashine, vyote vinataka start, begin hapo haiingii kabisa. Begin anapenda hadithi, hotuba, somo, siku, vitu vyenye mwanzo na katikati na mwisho. Na kinyume chake ndo kinakuonyesha, begin anamalizana na end, start anamalizana na stop. Injini unaisimamisha, hadithi inaisha. Kiswahili chetu chenyewe gari hatulianzi, tunaliwasha kama moto, au tunasema limegoma kustati, kwa hiyo ningefikiria kwa Kiswahili kidogo tu ningejua kwamba hapo “anza” yangu ilikuwa imeshakufa.

Alafu start anafanya kazi mbili ambazo sisi tumezigawa. Sisi mvua inaanza, lakini mtu anaanzisha biashara, anaanzisha ugomvi, anaanzisha uvumi, lazima uweke kile kiungo cha -isha ili ijulikane kuna mtu kausukuma huo mwanzo. Wenzetu wanasema start kote kote. Ndo maana watoto wakigombana kwao swali la kwanza ni “who started it?”, yaani nani kaanzisha, na mtu anayetafsiri neno kwa neno akasema nani kaanza anakuwa kapunguza lawama bila kujua.

Kuna siku mwenzangu wa kazini kwa njia ya simu aliniambia yeye na mkewe wanafikiria “to start a family”. Mi nikanyamaza kidogo, nikamuuliza kwa upole, kwani hamjafunga ndoa? Kumbe hiyo maana yake ni kupata mtoto wa kwanza, ndoa ilishapita zamani, na mimi nimeshamhoji mtu mambo ya nyumbani kwake.

Lakini iliyonikaa zaidi kuhusu start niliipata kwenye riwaya. Mhusika kalala, usiku, kimya, alafu sentensi inasema “he woke with a start”. Nikatafsiri kichwani, aliamka na mwanzo. Mwanzo gani? Nikarudi nyuma kurasa mbili kutafuta huo mwanzo aliolala nao. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba start kwa asili yake linahusu kuruka, kukurupuka, ni ukoo mmoja na startle, kushtusha. Jamaa alikurupuka usingizini, basi. Maana ya kuanza ilikuja baadaye juu ya ile ya kuruka. Na nilipojua hilo nikakumbuka neno letu kuzindua, tunazindua mradi, tunazindua kitabu, tunazindua albamu, wakati kuzinduka ni kushtuka kutoka usingizini au kurudiwa na fahamu. Yaani sisi nasi tumechukua kumwamsha mtu tukakifanya kuwa mwanzo wa shughuli. Nilikaa na hiyo siku nzima nafurahi peke yangu kama mwehu.

Commence sasa. Huyu ana suti. Begin ni neno la Kiingereza cha zamani kabisa, commence lilikuja na Kifaransa cha watawala baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, na kama maneno mengi ya namna hiyo likakaa mahakamani, kwenye mikataba, kwenye sherehe. Kwa hiyo ukimtumia rafiki meseji kuuliza filamu “commences” saa ngapi, kama nilivyofanya mimi, anakujibu “Your Honour, at eight”. Mikataba ya kazi sawa, “commencement date”, pale suti inaruhusiwa.

Na hiyo commencement ina mtego wake mwingine. Binamu yangu alikuwa anasoma Marekani, akatuma kwenye grupu la familia picha ya kadi imeandikwa Commencement kwa herufi za dhahabu. Mi kama mjuzi wa lugha wa ukoo nikawa wa kwanza kumjibu, nikamwandikia hongera kwa kuanza chuo, mwanzo mgumu lakini utazoea, usiogope. Akajibu, “Kaka, mi nimemaliza. Hayo ni mahafali.” Shangazi yangu akaweka vile vikatuni vya kucheka sita mfululizo. Inavyokuwa ni kwamba wao wakimaliza chuo wanaita siku hiyo mwanzo, kwa sababu zamani aliyetunukiwa shahada ndo alikuwa anaanza rasmi kuhesabiwa kwenye daraja lake jipya la usomi. Ukilifikiria lina mantiki, ila lingeniacha nilifikirie kabla sijaandika kwenye grupu.

Kosa lililonigharimu hasa, siyo la kucheka, lilikuwa dogo mno kwa macho. Nilikuwa kwenye usaili wa kazi nyingine, bora kuliko ile. Nikaulizwa kuhusu kufanya kazi na wenzangu. Nilitaka kusema kwanza kabisa napenda kufanya kazi kwenye timu, nikasema “At first, I enjoyed working in a team”, na kitenzi nacho nikakirudisha wakati uliopita kwa sababu nilikuwa naongelea kazi ya zamani. Yule mama aliyekuwa ananisaili akaacha kuandika, akaniangalia, akauliza “And then what happened?” Mi sikuelewa swali. Nini kitokee? Nikasema nothing happened. Akasema okay, akaandika kitu.

Kazi sikupata, na sisemi ni kwa ajili ya hilo tu, ila nilivyokuja kujua maana ya at first nilijisikia vibaya upya. At first siyo kwanza ya kupanga hoja. At first inaahidi kwamba mambo yalibadilika. At first nilimpenda, maana yake sasa hivi simpendi. At first ilikuwa rahisi, maana yake subiri usikie. Msikilizaji anaposikia hayo maneno mawili anaanza kusubiri “lakini”, na mimi nilimnyima lakini yake, kwa hiyo akabaki anajua kuna jambo namficha. Kwanza ya kupanga hoja ni first, au firstly, au first of all. Sisi “mwanzoni” yetu inafanya kitu kama hicho hicho, ukisema mwanzoni nilikuwa nampenda kila mtu anajua kinachofuata, lakini “kwanza” haifanyi, na mi kichwani nilikuwa nimeshaziunganisha.

To begin with ndo balaa zaidi maana inafanya yote mawili. Inaweza kuwa kwanza kabisa, nina malalamiko matatu, la kwanza ni hili. Na inaweza kuwa ile ya mwanzoni kabla mambo hayajageuka. Unaijua kwa kusubiri sentensi iishe, hakuna dawa nyingine.

Kuna na in the beginning na at the beginning. Hii mi niliimaliza kwa msaada wa Biblia bila hata kutegemea. Ile tafsiri yao ya mfalme James ya mwaka 1611 inafungua na “In the beginning God created the heaven and the earth”, na yetu inafungua na Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi. Angalia, hapo mwanzo, haisemi mwanzo wa nini, ni mwanzo umesimama peke yake, kipindi kizima. Ukiwa na kitu maalum chenye mwanzo wake, mwanzo wa mwezi, mwanzo wa kitabu, mwanzo wa barabara, unakwenda na at the beginning of. Tangu nilipoiweka hivyo sijaikosea tena, au nikiikosea hakuna aliyeniambia.

Nahau zao za kuanzia ni kituko kingine na nikizihesabu naona nyingi zimetoka uwanjani au baharini. Kick off ni ya mpira, hiyo tunaijua wote. Jump the gun ni ya mkimbiaji aliyechomoka kabla bastola haijalia, ndo yule anayetangaza harusi kabla hajakubaliwa. False start nayo hapo hapo. From scratch ilinisumbua kweli, maana bosi aliposema mfumo utajengwa “from scratch” mi nilijua scratch ni mkwaruzo, nikadhani mfumo wa zamani umekwaruzwa mahali. Mkwaruzo ni kweli, ila ni ule mstari uliochorwa chini kwenye mashindano, na aliyeanzia pale mstarini ndo yule ambaye hakusogezwa mbele hata hatua, hana msaada wa aina yoyote. Sisi tunasema kuanza moja, au kuanzia sifuri, na nadhani yetu iko wazi zaidi, sifuri kila mtu anaiona.

Embark ni kupanda chombo. Launch ni kukishusha majini. Na maiden voyage ni safari ya kwanza ya meli, Titanic mwaka 1912 ilizama ikiwa kwenye maiden voyage yake. Hiyo nilikuwa naijua, lakini sikuwahi kujiuliza maiden inafanya nini pale, mpaka nilipopewa kutafsiri habari moja kuhusu bunge la Uingereza ambako mbunge mpya alikuwa ametoa “maiden speech”. Nikafungua kamusi, maiden, mwanamwali. Nikaandika mbunge huyo alitoa hotuba ya kimwali. Mbunge mwenyewe alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sitini na mvi zake. Mhariri alinipigia simu badala ya kuniandikia, nafikiri alitaka kusikia sauti yangu nikielezea. Ni hotuba ya kwanza ya mbunge bungeni, basi, wala hakuna unyago humo.

Inauguration wanayomfanyia rais wa Marekani kila tarehe 20 Januari baada ya uchaguzi, hiyo ina ndege ndani yake. Roma ya kale walikuwepo makuhani walioitwa augur, kazi yao kusoma dalili kwa jinsi ndege wanavyoruka, na jambo kubwa halikuanza mpaka wao waseme ndege wamekubali. Leo ndege wameondoka neno limebaki. Na kompyuta ukiiwasha wanasema boot, ambayo ni buti kweli, imefupishwa kutoka bootstrap, kile kitanzi cha nyuma ya buti cha kulivutia, kwa sababu kompyuta ikiwaka programu ndogo inaivuta kubwa na kubwa inavuta kubwa zaidi, kama mtu anayejiinua kwa kuvuta viatu vyake mwenyewe. Mi hii nilidhani ni utani wa mafundi.

Kuna ambazo zimekubaliana na zetu mpaka raha. Budding writer, bud ni kichipukizi, na sisi tunasema mwandishi chipukizi. Teething problems, matatizo ya kuota meno, sisi hatuna hivyo ila mtu yeyote aliyelea mtoto ataelewa bila kutafsiriwa. Early days sikuielewa, bosi akisema “it's early days” mi nilijua anakumbuka zamani, kumbe anasema bado ni mapema, tusihukumu.

Kitu nilichobadilisha ni daftari. Zamani nilikuwa naandika neno na pembeni maana yake, sasa hivi naandika neno na pembeni majirani zake. Onset, nimeandika baridi, homa, vita, uchungu. Commence, nimeandika mkataba, kesi, sherehe. Maana siandiki kabisa, maana zote ni anza, sasa nikiandika anza mara ishirini itanisaidia nini. Na nikiwa na haraka nakwepa nomino, nafuata ushauri wa yule dada, natumia started na maisha yanaendelea. Started ina faida nyingine, haina ule usumbufu wa begin, began, begun ambao mpaka kesho unanifanya nisimame katikati ya sentensi.

Juzi juzi kuna rafiki yangu mmoja, Mwingereza, anajifunza Kiswahili kwa bidii kweli, kanitumia rasimu ya ujumbe anaotaka kuwatumia wenzake wa kazini. Kaandika “chanzo cha mkutano ni kesho asubuhi”. Nilicheka, nakiri, nilicheka mpaka nikaweka simu chini. Mkutano wetu umekuwa moto uliounguza nyumba na polisi wanatafuta chanzo chake. Nikamwambia hapo ni mwanzo, siyo chanzo. Akaniuliza, lakini vyote si vinatoka kwenye anza, na kamusi yake imeandika beginning kote? Nikamwambia ndiyo, ila chanzo ndiko kitu kinakotokea, sababu yake, chanzo cha ajali, chanzo cha habari, chanzo cha mto. Akaniuliza na chimbuko je? Nikasema chimbuko ni la utamaduni, la lugha, la ngoma, siyo la mkutano. Na asili? Asili ni ukoo. Na kianzio? Hapo nikaanza kuvuta maneno. Akaniuliza sasa kwanini mto una chanzo lakini wiki ina mwanzo, nikaandika jibu, nikafuta, nikaandika, nikafuta, yeye kule anaona tu vile vinukta vinacheza.

Mwisho nikamwandikia, “We andika tu mkutano unaanza kesho asubuhi.”

Akajibu mbona hiyo ni ya kitoto.